Turbo Ndani ya Gari Kuukuu: Historia Fupi ya Nguvu za Bei Nafuu

Leo tunaziweka kando programu na seva, tufungue boneti ya gari. Wewe uliyekuja kutafuta habari za tarakilishi usikimbie. Utaona mbele kidogo kwamba tunarudi kulekule.

Swali lenyewe ni hili, na vijana wengi wenye magari ya zamani wamelijadili na mafundi wao: "Nina Corolla ya miaka ya tisini. Bodi nzima, injini imechoka. Injini za ex-Japan zinauzwa, fundi yupo. Badala ya kurudisha injini ileile dhaifu, mbona nisitie ya turbo?"

(Kabla ya kuendelea: nasema turbo ya gari, si Turbo ile mji ulio njia ya Eldoret.)

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na watu wamefanya hivyo kwa pesa kidogo katika nchi nyingi. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka 100. Historia hiyo ina funzo moja ambalo likikupita utalipa injini mara mbili: chuma cha turbo hakikuwahi kuwa sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni akili ya kuitawala.

Kulisha injini hewa

Injini ya petroli haili petroli tu. Inakula zaidi hewa. Ili petroli iungue sawasawa, gramu moja inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Ukitaka nguvu zaidi bila kupanua injini, ishindilie hewa zaidi, kisha uongeze petroli kwa kiasi hichohicho.

Hewa utaishindilia kwa nguvu gani? Moshi unaotoka kwenye injini una joto na mwendo mwingi ambao hupotea bure. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliona hilo mapema na kupata hataza mwaka 1905: moshi uzungushe gurudumu moja, gurudumu hilo lizungushe jingine upande wa pili wa mhimili mmoja, na hilo la pili lisukume hewa ndani ya injini. Hiyo ndiyo turbo. Ilimchukua miaka 20 kuifanya ifanye kazi vizuri. Mwaka 1925 alifaulu kwenye injini za dizeli, na nguvu zikapanda kwa zaidi ya asilimia 40.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na jaribio linalotuhusu sana sisi tunaoishi nyanda za juu. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,302 juu ya bahari. Chini, injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 350. Kule juu, penye hewa nyepesi, ilishuka hadi 230. Moss alipofunga turbo ilitoa 356, kana kwamba mlima haupo.

Sasa fikiria Nairobi. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini ya kawaida inapopandishwa kutoka pwani hadi hapa hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita za nguvu zake. Ndiyo maana gari dogo lililojaa watu hulia likipanda kwenda Limuru. Kwetu sisi turbo si mchezo wa matajiri pekee. Inaondoa tatizo ambalo mtu wa Mombasa halijui.

1962: chupa iliyosahauliwa

Kwenye magari ya kawaida turbo ilifika mwaka 1962, Marekani. General Motors ilitoa magari mawili mwaka huo: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ndilo lenye kisa.

Ukishindilia hewa inapata moto. Ukiishindilia tena ndani ya silinda inazidi. Mwisho petroli inalipuka kabla ya wakati wake, mahali pasipotakiwa, na unasikia injini ikigonga. Mlipuko huo ni kama nyundo juu ya pistoni. Ukiendelea kwa muda, pistoni inatoboka.

Wahandisi wa Oldsmobile walizuia kugonga kwa kunyunyizia mchanganyiko wa maji na methanoli ndani ya hewa. Ulikaa kwenye chupa yake chini ya boneti, na mwenye gari ndiye aliyetakiwa kuijaza. Chupa ikiisha, kilango kilijifunga na kupunguza presha.

Kwenye karatasi mpango huo haukuwa na kasoro. Wewe unayeandika programu unajua kilichofuata: mtumiaji hakufanya alichotakiwa. Wenye magari walisahau chupa, wakalalamika kwamba gari halina nguvu. Magari yaliyotengenezwa hayakufika 10,000, na 1963 ukawa mwaka wa mwisho. Baadaye kampuni yenyewe ilijitolea kuwang'olea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida bila malipo. Ubadilishaji wetu wa leo, lakini kinyumenyume!

Turbo yenyewe haikuwa na kosa. Udhibiti ulikuwa umeachwa kwenye kumbukumbu ya binadamu mwenye haraka zake.

Turbo yapata akili

BMW ilijaribu mwaka 1973 na 2002 turbo. Nguvu za farasi 170 katika gari dogo, lakini zilikuwa zinachelewa, kisha zinakuja zote kwa mpigo. Mwaka huohuo mafuta yalipanda bei duniani. Yakatengenezwa magari 1,672 tu.

Saab ya Sweden ilifikiri tofauti. Gari lao, 99 Turbo, lilionyeshwa 1977. Walichagua turbo ndogo inayoamka mapema, na kilango kinachofunguka chenyewe presha ikifika kikomo, ili moshi wa ziada upite pembeni bila kuizungusha turbo. Dereva hakuhitaji kukumbuka chochote.

Kisha mwaka 1982 Saab wakaleta mfumo walioita APC. Walifunga sensa kwenye injini yenyewe, kama sikio. Sikio likisikia injini ikianza kugonga, kisanduku cha elektroniki kinapunguza presha mara moja. Ukitia petroli nzuri, nguvu zinapanda. Ukitia hafifu, zinashuka, lakini injini inabaki hai.

Mwenzangu unayependa tarakilishi, simama hapo kidogo. Ile chupa ya 1962 imegeuka kuwa mfumo unaojisikiliza na kujirekebisha. Kuanzia hapo nguvu za turbo zilikuwa ndani ya hesabu sawa na zilivyokuwa ndani ya chuma.

Kwa nini Japani?

Injini nyingi za turbo unazoona kwenye maduka ya spea zimetoka Japani. Ziko nyingi kwa sababu za kodi, ushindani na ukaguzi.

Kodi ya Japani ilimbana sana mwenye gari lenye injini iliyozidi lita 2. Nissan ilipoleta turbo ya kwanza kwenye gari la Kijapani, mwaka 1979, kwenye Cedric na Gloria, ilikuwa njia ya kupata nguvu za injini kubwa ndani ya lita 2. Wakubwa wa serikali walikuwa na wasiwasi na mambo ya mbio, kwa hiyo Nissan ilisisitiza kwamba turbo inaokoa mafuta. Mlango ukafunguka, na wengine wakafuata.

Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari la kuuzwa nchini humo lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Walipozuiwa kushindana kwa namba, waliendelea kushindana kwa uimara. Injini kadhaa za wakati huo zilijengwa kubeba zaidi ya zilichoandikiwa.

Halafu kuna ukaguzi wa serikali, shaken. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama zake humfanya Mjapani mwingi auze gari ambalo kwetu bado ni bichi. Gari lenyewe husafirishwa, au hukatwa na injini yake ikaingia kwenye kontena.

Hapa Kenya turbo tulikuwa tumeshaiona kwa macho. Toyota Celica Twin Cam Turbo ilishinda Safari Rally mara 3 mfululizo: Björn Waldegård 1984, Juha Kankkunen 1985, kisha Waldegård tena 1986. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Celica Turbo 4WD. Mtoto aliyesimama kando ya barabara na kumezwa na vumbi hilo, akikua na kupata Corolla yake, unadhani ataota nini?

Mfano wa bajeti: Starlet ndani ya Tazz

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa turbo ya bei nafuu uko Afrika Kusini.

Toyota ya huko iliendelea kutengeneza Corolla fupi ya miaka ya themanini kwa jina la Tazz hadi mwaka 2006. Toleo lake la lita 1.3 lilikuwa na injini ya 2E yenye kabureta, nguvu za farasi sabini na kitu. Gari jepesi, lisilo na makuu, lililojaa kila mtaa. Ndugu zake tunawajua hapa: Corolla EE90 zilizobeba 2E hiyohiyo.

Huko Japani, Toyota ilikuwa na Starlet GT Turbo, na baadaye Glanza V. Ndani yake mlikuwa na 4E-FTE: ujazo wa sentimita 1,331, turbo ndogo aina ya CT9, nguvu za farasi 135. Inatoka ukoo mmoja na 2E. Kwa hiyo nafasi inatosha, uzito haupishani sana, na kuifunga hakuhitaji kuikata bodi vipandevipande. Japani na Afrika Kusini wote huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama sisi, hivyo usukani haugombani na mabomba.

Tena Afrika Kusini haiwaruhusu wananchi kuingiza magari yaliyotumika kiholela, lakini injini zilizotumika ziliingia kwa wingi. Ukichanganya gari la bei ya chini na injini ya ukoo wake, unapata gari lenye nguvu karibu mara mbili. Ndiyo maana ubadilishaji huu ukawa wa kawaida kule.

Sasa angalia kilichoufanya uwe wa bei nafuu. Si bei ya injini tu. Ni kwamba 4E-FTE ilihamishwa pamoja na vyote vilivyoizunguka: giaboksi yake, waya zake, sensa zake, kipoza hewa chake, na tarakilishi yake ya Kijapani. Wahandisi wa Toyota walikuwa wameshamaliza kupiga hesabu. Aliyebadilisha alihamisha hesabu hiyo nzimanzima.

Jedwali lililofichwa

Tarakilishi ya injini, ile mafundi huiita ECU, kazi yake kuu si ya ajabu. Ndani yake mna jedwali. Safu za mlalo ni presha ya hewa, za wima ni mizunguko ya injini kwa dakika. Kila kisanduku kinasema jinsi injini inavyojaza silinda katika hali hiyo. Tarakilishi inasoma presha, inasoma joto la hewa, inapiga hesabu ya hewa iliyoingia, kisha inafungua injekta kwa sehemu ndogo sana za sekunde. Jedwali jingine linaamua plagi iwake lini.

Mtu mwenye bajeti ndogo hujaribiwa na njia ya mkato: achukue turbo peke yake, aifunge kwenye injini yake ya kawaida, na aache ECU ya zamani. Hebu tufuate hesabu hatua kwa hatua.

Sensa ya presha ya injini ya kawaida imepangiwa kusoma hadi presha ya hewa ya nje, kwa sababu injini isiyo na turbo haiwezi kupita hapo. Turbo inaposukuma zaidi, sensa inagota ukutani. Hewa imeongezeka nusu nzima, lakini tarakilishi inaona namba ileile ya juu kabisa, na inatoa petroli ileile. Mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda, plagi inawaka mapema mno, injini inagonga. Isitoshe, 4E ya kawaida hukandamiza hewa zaidi ya mara 9, ile ya turbo karibu mara 8 tu. Nafasi ya kusamehewa haipo.

Kwa lugha yetu ya programu, hii ni data iliyovuka kikomo bila onyo lolote. Hakuna ujumbe wa kosa kwenye skrini. Unapata moshi wa buluu na fundi anayetikisa kichwa akisema injini imenoki.

Kwa miaka mingi ECU ya kupangwa upya ilikuwa bidhaa ya timu za mashindano. Mwaka 2001 hivi, Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo walitoa MegaSquirt: vijenzi vya kujichomea risasi mwenyewe mezani, kichakato kidogo cha Motorola, na jedwali unalolihariri kwa tarakilishi ya kawaida. Baadaye ikaja Speeduino, inayotumia Arduino Mega na yenye msimbo huria. Aliyejua kuandika programu kidogo sasa aliweza kufungua kisanduku kilichokuwa siri ya kiwanda.

Lakini uhuru huo una bei yake. Kisanduku kimoja cha jedwali kikiandikwa vibaya, hakuna atakayekuonya. Ndiyo maana anayepanga ECU mpya anahitaji sensa pana ya oksijeni kwenye bomba la moshi na mtu anayejua kuisoma. Na tukumbuke petroli: injini nyingi za turbo za Japani zilipangiwa petroli yao bora, ya okteni karibu 100. Ya kwetu ya kawaida iko chini ya hapo. Jedwali la Japani likinywa petroli ya hapa, lazima presha iheshimiwe.

Pesa ziende wapi kwanza?

Historia yote hiyo inatupa mpangilio wa matumizi. Watu wengi huupindua. Wananunua injini kwa pesa zote walizo nazo, na gari linakaa juu ya mawe mwaka mzima.

Kwanza, nunua injini kamili: turbo, giaboksi, ECU na waya zisizokatwa. Injini ya bei ya chini ambayo waya zake zimekatwa kwa panga si ya bei ya chini. Saa za kutafuta waya gani unaenda wapi zitameza tofauti yote.

Pili, mafuta. Gari la kabureta lina pampu ya presha ndogo. Injekta zinahitaji pampu yenye presha kubwa zaidi, na bomba la kurudisha petroli kwenye tangi.

Tatu, joto. Radiata ya zamani ilipangiwa injini nusu ya hii. Tena turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili chafu inaiua.

Nne, na hili halina mzaha, breki. Nishati ya gari linaloenda hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini breki zinatakiwa kumeza nishati mara 2.25. Breki za 2E hazikupangiwa hilo. Starlet ya turbo ilikuja na breki zake kubwa, na mwenye akili huzinunua pamoja na injini. Barabarani kuna watoto wanaovuka, na wao hawakuombwa maoni kuhusu mradi wako.

Tano, karatasi. Namba ya injini imo kwenye logibuku. Ukibadilisha injini, taarifa zibadilishwe NTSA, na kampuni ya bima ijue. Vinginevyo siku ya ajali utagundua kwamba ulikuwa unalipia bima ya gari lisilokuwepo.

Ukijumlisha yote hayo ukaona bajeti haifiki, basi 4E ya kawaida yenye afya ndiyo injini yako kwa sasa. Si aibu. Oldsmobile walikuwa na wahandisi wengi kuliko mimi na wewe, na bado waliishia kurudisha kabureta.

Ikifika, fanya. Utapanda Limuru ukipumua hewa ya pwani. Jua tu kwamba unachonunua si konokono la chuma pekee. Unanunua kazi ya watu waliotumia karne nzima kulifundisha lini lisukume na lini linyamaze.

Kwa leo niishie hapo. Kama umewahi kuhamisha injini, sema ilikugharimu nini zaidi: chuma, au waya. Mimi nadhani jibu nalijua. Kwaherini kwa sasa.